Namba Tu Zinatosha

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza tukiwa kwa Baba. Mimi na Kaka tulikaa ukumbini, kila mtu na kikombe chake cha chai, tukautazama ufa kama wageni waliokuja kuona mtoto mchanga. Unatokea kwenye kona ya dirisha na kupanda hadi karibu na dari. Mwaka jana ulikuwa uzi. Mwaka huu ukucha wangu unaingia.

Nyumba iko kwenye mteremko, na kila msimu wa mvua udongo wa chini hulainika ukaivuta. Kaka, ambaye huendesha malori na hana subira hata na taa nyekundu, alisema Baba ahamie kwake. Chumba kipo, wifi ameshatundika mapazia. Alitaka kutoa ile methali ambayo kila mtu huitoa akiona ufa, Baba akamwambia amalize chai kwanza.

"Nyumba hii nimeijenga mimi," Baba akasema. "Milango yote nimeichonga mimi. Mama yenu ametoka humu kwenye sanduku nililomtengenezea kwa mikono hii. Niende wapi?"

"Uende mahali ambapo ukuta hautakuangukia usingizini."

"Ukuta huu unanijua."

Wakafika pale wanapofika siku zote, yaani pa kununiana. Ndipo nikatoa wazo langu, na sitaficha kwamba nilijiona mjanja. Kazi yangu ni kuta na madaraja: vifaa hupima, mimi huchora. Nikawaeleza kwamba ukuta haujiangukii tu siku moja bila kuaga. Kwanza husogea taratibu, kila siku kiasi kilekile, na grafu yake huwa mstari mnyoofu. Ukikaribia kushindwa huanza kukimbia, na mstari hupinda kwenda juu. Basi tupime. Mstari ukinyooka hadi mvua ziishe, Baba abaki na mtu asimwambie neno tena. Ukipinda, afungashe.

"Atakayeusoma huo mstari ni nani?" Baba akauliza.

"Mimi."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Wewe hujawahi kunidanganya."

Akapigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, akaleta kile kipimo chake cha chuma chenye taya alichokuwa akitumia enzi za karakana. Kila asubuhi atapima kwa milimita kutoka msumari hadi msumari na kunitumia jibu kwa simu. Tukapeana mikono wote watatu, kama watu waliokubaliana kazi.

Jumanne, 5 Machi

Ujumbe wa kwanza: "Mwanangu, hujambo? Huku mvua. Leo asubuhi ni 4.2. Kuku wa jirani wameingia jikoni, nimewatoa. Baba yako."

Jumamosi, 9 Machi

Nimeichora orodha ya Baba kwa mara ya kwanza, kwa programu ileile ya hisabati tunayotumia ofisini. Sijui kama kuna kazi inayonipa raha kuliko hii. Unaandika namba ndani ya mabano, moja baada ya nyingine, mkato katikati, unabonyeza, na nukta zinakwenda kukaa mahali pake zenyewe. Ya kwanza programu inaiweka kwenye moja, ya pili kwenye mbili, ya tatu kwenye tatu. Huhitaji kuieleza habari za siku. Ofisini hatuandiki siku hata kidogo. Vifaa vyetu vya darajani hutuma namba kila alfajiri, havilali, haviugui, havina harusi ya kwenda. Mwenzangu wa meza ya pili, kijana tunayemwita Kipara kwa sababu nywele zilimkimbia mapema, husema vifaa vile ni wafanyakazi bora kuliko sisi na ndivyo vilivyostahili likizo.

4.2, 4.2, 4.3, 4.3, 4.3. Nimeiamuru programu iunganishe nukta kwa mstari, unapendeza zaidi machoni. Nimemtumia Kaka. Amejibu: "Ndiyo nini hii?"

Alhamisi, 14 Machi

"Mwanangu, hujambo? Jana sikupima, nilichelewa kuamka, jua limenikuta kitandani kama bwana mkubwa. Leo ni 4.4. Mlango wa mbele umeanza kugoma kwa unyevu, nitaupiga randa. Jirani anakusalimu, anauliza utaolewa lini."

Ujumbe huu ulinikuta mkuu wa kitengo amesimama nyuma ya kiti changu akingoja michoro ya daraja. Nilimjibu Baba harakaharaka kwamba asijisumbue na maelezo. Namba tu zinatosha, Baba.

"Sawa, mkubwa," akajibu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Viatu havikauki.

Jumamosi, 30 Machi

Ufa umefika 4.9. Nukta zinapanda, lakini ukiweka rula pembeni ya skrini zinalingana nayo vizuri kabisa. Nyumba inasogea kama ilivyosogea miaka yote. Nilimpigia Baba kumpa habari njema, akachelewa kupokea, na alipopokea alikuwa anahema.

"Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Randa."

"Bado tu huo mlango?"

"Ndiyo huohuo," akasema, akacheka kidogo, kisha akasema simu inaisha chaji.

Randa si kazi ya mtu wa umri wake. Nitamwambia Kaka amfanyie. Nikisema hivyo Kaka atauliza kwa nini nisiende mimi, na atakuwa na haki, ila mto umejaa na daraja letu la kazini linatetemeka, na mkuu ametufutia Jumamosi zote. Leo nimeipata kwa kuiiba.

Alhamisi, 4 Aprili

Kaka amenipigia simu kunigombeza. Anasema nimemweka Baba kwenye majaribio kama panya. Nimemwambia afadhali panya wa kupimwa kuliko mzee wa kuvutwa kwa mkono. Amekata simu. Mtu huyu amezoea kupiga honi, ukimjibu anaona umemzibia njia.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua, na nguzo ya tatu ya daraja. Sijala mchana siku mbili hizi.

Jumamosi, 20 Aprili

Kwa wiki kadhaa sikuigusa orodha ya Baba. Leo nimekaa na simu mkono mmoja na kibodi mkono wa pili, nikahamisha namba zilizokuwa zimelala kwenye ujumbe. Siku hizi hata salamu hatumi. Anaandika "5.2" basi, au "5.3" basi. Nimecheka peke yangu, nikajisemea mzee amekuwa mtu wa ofisi, amejifunza.

Lakini mchoro sijaupenda. Nukta za mwisho zimeinuka kidogo kutoka kwenye rula. 5.1, 5.2, 5.3, 5.5. Si kitu kikubwa, labda kipimo kiliteleza. Nitangoja zaidi kabla ya kumtia mtu hofu.

Jumatatu, 29 Aprili

Daraja limefungwa kwa magari. Watu wanatutukana sisi kana kwamba ndio tulioleta mto.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika harakaharaka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Nimeingiza namba mpya: 5.8, kisha 6.2. Nikabonyeza. Mstari umepinda. Si wa kubishia, si wa kuweka rula. Unapanda kama mkono wa mtu anayeomba ruhusa darasani. Kila hatua ni kubwa kuliko iliyotangulia: moja, mbili, tatu, nne. Nimeiamuru programu iuendeleze mbele kwa kukisia, na umepanda hadi ukatoka juu ya skrini.

Nilimwonyesha mkuu wa kitengo bila kumweleza ni wa wapi. Akavua miwani.

"Huu ukuta unakimbia. Ni wa wapi?"

"Wa kwa baba yangu."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

Nimempigia Kaka. Nilitegemea aseme niliwaambia. Hakusema. Alisema atakuja na lori alfajiri, tulale mapema.

Jumapili, 12 Mei

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Tulifika mvua imepungua. Nilipanda ngazi za nje nikiwa nimeinua macho ukutani, natafuta ufa kwa nje, na nikauona. Baba alifungua mlango kabla hatujabisha. Ulifunguka vizuri, bila kugoma. Shati lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Nikamwamkia, akaitikia, na moyoni nikasema huyu mzee hapiki, anaishi kwa chai. Nilikasirika hata, nikamkasirikia kwa kujitupa vile. Kisha macho yangu yakarudi ukutani.

Nilikuwa nimechapisha grafu kwenye karatasi. Nikamkabidhi. Jirani yake, fundi cherehani aliyekuwa rafiki wa Mama, alikuwa ameingia nyuma yetu na kusimama karibu na meza. Baba aliketi, akaishika karatasi mbali na uso, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji karatasi ya mstari mmoja.

"Umeusoma vizuri?"

"Nimeusoma, Baba. Hata mkuu wangu ameuona."

"Na umepinda."

"Umepinda."

Akaniangalia mimi. Nilidhani atabisha, nilikuwa nimejiandaa kwa hoja zote, hata za Mama. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Basi," akasema. "Tulikubaliana."

Alinyanyuka kwa kushika meza, halafu kiti, halafu ukuta. Aliufuata ukuta kwa kiganja mpaka chumbani, na nikafikiri anauaga. Kaka alimfuata, akamfungia nguo, akabeba sanduku la zana begani peke yake, sanduku ambalo watu wawili hulilalamikia. Hakupiga kelele hata mara moja. Alimshusha Baba ngazi akimhesabia kama mtoto, "moja hiyo, haya, nyingine," na walipofika chini alimfuta matope viatuni kwa mkono wake mwenyewe. Mimi huyu mtu nimekuwa nikimwita honi.

Jirani alikuwa analia. "Afadhali mmekuja," aliniambia. "Nilikuwa najiuliza mnangoja nini."

"Tulikuwa tunangoja uhakika, mama," nikamjibu.

Mlango niliufunga mimi. Baba hakugeuka. Ndani ya lori aliomba dirisha lifunguliwe, akapumua kwa mdomo njia nzima, na mimi nilikaa katikati yao nikiwa na huzuni, lakini huzuni yenye fahari ndani yake. Nilikuwa nimemtoa baba yangu chini ya ukuta.

Jumatano, 15 Mei

Wifi anasema Baba analala sana na chakula anakigusagusa tu. Nimemwambia ni nyumba, atazoea.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda kumwona. Chumba cha mapazia ya bluu, kitanda kimeelekezwa dirishani, sanduku la zana chini ya kitanda. Hakunilaumu. Aliniuliza daraja linaendeleaje. Nilikaa naye nikaongea mimi tu. Miguu yake imevimba, viatu havimwingii, wifi amemkatia ndara za Kaka nyuma ili zimtoshe. Nilisema ni kukaa kitako siku nzima. Nimekuwa na jibu kwa kila kitu msimu huu.

Ijumaa, 24 Mei

Hospitali tangu asubuhi. Kaka alimbeba mgongoni kutoka kwenye lori.

Daktari ni binti mdogo kuliko mimi, ana sauti ya chini, anasema jambo mara moja na halirudii. Moyo wa Baba umechoka na kupanuka, maji yamejaa mapafuni na miguuni. Si jambo la wiki hii wala la mwezi huu. Aliuliza ni lini alianza kuishiwa pumzi. Kaka akanitazama, mimi nikamtazama Kaka.

"Kizunguzungu? Kushindwa kuamka asubuhi?"

"Hajasema," nikajibu.

"Angeletwa mvua zinaanza, tungekuwa na mengi ya kufanya. Sasa tutampunguzia maji apumue, arudi nyumbani, mumpe raha."

Kaka alitoka nje akasimama kwenye mvua bila kofia. Nilimfuata, nikasimama kando yake. Nilitaka aseme ni nyumba iliyommaliza, kwamba ni kumhamisha, ili nipate wa kugombana naye. Hakusema.

Jumapili, 26 Mei

Baba ametoka hospitali, yuko kwa Kaka. Ameomba mto wake wa zamani wa kulalia, huu wa wifi anasema unamuumiza shingo. Nimekwenda kuuchukua.

Njia nzima nilijiandaa kuiona nyumba imelala. Kwa ule mstari wangu ilitakiwa iwe chini, au angalau dirisha liwe limedondoka. Nyumba ilikuwa imesimama. Mlango niliusukuma kwa kidole ukafunguka, umepigwa randa vizuri hadi unateleza. Pembeni, nyuma ya mlango, palikuwa na maranda machache tu, yameshaoza kwa unyevu. Yale hayakuwa maranda ya mtu aliyekesha na randa wiki nzima.

Kipimo cha taya kilikuwa juu ya dirisha pale alipokiacha. Nikapima, msumari hadi msumari. 6.4. Nikapima tena. 6.4.

Jirani aliniona nimekaa kwenye ngazi na mto mapajani, akaniletea maji.

"Mzee anaendeleaje?"

"Ni moyo, mama. Ulianza zamani."

"Si ndiyo nilikwambia siku ile? Alikuwa anapita siku hajafungua dirisha. Nikimgongea anasema leo nimeamua kupumzika. Akipata nguvu ndiyo anainuka, jambo la kwanza anakwenda kwenye huo ufa wake. Nikajua wewe unajua, maana kila akipima anakutumia."

Nilikunywa maji yote. Mto nimeupeleka. Sikuingia chumbani kwake, nilimpa wifi mlangoni.

Jumatatu, 27 Mei

Ofisini leo niliifungua orodha ya Baba na kuikodolea macho. Kipara alisogeza kiti chake.

"Huo ndio ule ukuta? Huku chini umeandika nini?"

"Wapi?"

"Mhimili wa chini. Moja, mbili, tatu. Ni siku hizo?"

Nikatoa simu, nikaanza upya. Safari hii sikuandika namba peke yake. Niliandika kila namba na siku yake, jozi kwa jozi, siku kwanza, kipimo baadaye, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavyofundishwa. Sikuunganisha nukta. Nikabonyeza.

Mstari umenyooka. Kuanzia Machi hadi Mei umenyooka kama ulivyonyooka mwanzo, na mwishoni, mvua zinapopungua, umelala kidogo. Nyumba haikukimbia hata siku moja. Ilisogea mwendo wake uleule wa miaka yote. Nukta za mwanzo zimebanana, asubuhi baada ya asubuhi. Katikati ya Machi kuna tundu dogo, siku aliyoamka na jua. Kisha matundu yanazidi. Aprili nukta moja hapa, nyingine kule mbali, na katikati nyeupe tupu. Kati ya ile ya mwisho ya Aprili na ile ya Mei kuna uwanja wa kuchezea mpira.

Ufa uliokuwa unaonekana kukimbia ni Baba aliyekuwa anapunguza mwendo. Kila alipokawia kuinuka, ufa ulipata siku zaidi za kusogea kabla hajaupima tena, na mimi nikazibana zile siku zote zikawa hatua moja. Programu haikukosea. Iliniamini nilipoipa namba bila siku, ikadhani ni kifaa cha darajani. Na mimi nilidhani hivyohivyo kuhusu baba yangu.

Namba mbili tu kwa wiki tatu. Mtoto wa chekechea angehesabu. Mimi niliangalia zinapanda kiasi gani, sikuuliza kwa nini ni mbili. Nilikuwa na ujumbe wake wenye "nilichelewa kuamka" mkononi, nikamwambia asinieleze, na yeye mtu wa kutii kazi akatii. Ninaona aibu kiasi kwamba najificha hata na daftari hili.

Kipara alinipa kitambaa chake, akarudi mezani kwake akajifanya anatafuta kalamu.

Jumatano, 29 Mei

Nimechapisha mchoro wa pili. Nitamwambia. Ana haki ya kujua kwamba nyumba yake ilimtunzia ahadi na kwamba aliyeivunja ni mimi. Anaweza kuomba kurudi. Akiomba nitampeleka, hata kama Kaka atalaza lori mlangoni.

Jumamosi, 1 Juni

Nilimkuta ameegemezwa na mito mitatu, wa zamani juu. Kaka alikuwa amepiga magoti chini akimwosha miguu kwenye beseni, polepole, kidole kwa kidole. Ameacha safari zake zote. Aliponiona alikausha miguu ya Baba, akabeba beseni akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Kaa karibu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali."

Nikakaa. Mkoba nilikuwa nimeukumbatia, karatasi ndani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia, nikaanza, "Baba, kuhusu ule mchoro wa ufa..."

"Nao nilitaka kukuambia," akasema. "Acha niseme mimi kwanza, nikichoka utamalizia."

Akavuta pumzi. Akatoa kitu chini ya mto. Ilikuwa ile karatasi yangu ya Mei, imekunjwa mara mbili.

"Mimi kusoma mstari sijui sana, lakini kupima najua. Ufa ule ulikuwa haujafanya kitu cha ajabu. Ningejua. Sasa uliponiletea karatasi hii nikashangaa. Nikakutazama. Unakumbuka nilivyokutazama?"

"Nakumbuka."

"Nikasema, ahaa. Ameziona zile siku. Maana nilikuwa naruka siku, mama. Kuna asubuhi nilikuwa siwezi hata kukaa kitako. Na kusema nilikuwa siwezi, kwa kaka yako ningesema nini, angenibeba siku ileile kama gunia. Wewe ulishaniambia nisieleze, namba zinatosha. Nikajua basi, huyu anasoma hata pale pasipo na namba, ndiyo kazi yake. Nikaacha matundu hivyohivyo, nikasema atakayeelewa ataelewa."

Nikaingiza mkono ndani ya mkoba.

"Na ukaelewa. Ukaja na karatasi mbele ya kaka yako, mbele ya jirani, ukausingizia ukuta. Hukusema Baba anaumwa. Hukusema Baba hajiwezi. Ulisema ukuta ndio mgonjwa. Nikatoka nyumbani kwangu nikiwa mtu aliyetimiza makubaliano, sikutoka kama mzee aliyeokotwa." Akanipapasa mkono. "Nimelala hapa nafikiria jambo hilo kila siku. Linanifurahisha kuliko dawa zao. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Karatasi ya pili ilikuwa imebana kidole changu ndani ya mkoba. Nilimwangalia. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sijauona tangu Mama afe.

"Ndivyo, Baba," nikasema.

"Nilijua. Na ufa?"

"Sita nukta nne. Nimepima mwenyewe."

Akafumba macho, akatabasamu. "Nyumba yangu haianguki ovyo. Nilimwambia kaka yako: yule ndugu yako hajawahi kunidanganya. Haya, ulitaka kusema nini wewe?"

"Nilitaka kukuomba kitu. Kila asubuhi unitumie ujumbe. Usinitumie namba. Niandikie umeamkaje, umekula nini, nani kakuudhi. Andika mengi."

"Eti mengi," akasema. "Juzi yalikuwa hayatakiwi."

"Sasa yanatakiwa."

Nikamwekea mito sawa, nikamnywesha chai iliyokuwa imepoa. Karatasi nimerudi nayo.

Jumapili, 2 Juni

"Mwanangu, hujambo? Nimeamka salama. Supu ya wifi yako haina chumvi, amesema ni daktari, mimi nasema ni yeye. Nimemaliza nusu. Miguu leo imepungua. Baba yako."

Jumatatu, 3 Juni

"Mwanangu. Kaka yako anakoroma huku chini sakafuni mpaka kitanda kinatikisika. Nimeota niko karakana. Nimelala vibaya ila si vibaya sana."

Jumatano, 5 Juni

Jana na leo ameandika kupitia kwa wifi, vidole vinamchoka. Salamu zimekuja zote hata hivyo. Mvua zimekwisha, daraja limefunguliwa, mkuu wa kitengo ametununulia soda.

Ijumaa, 7 Juni

"Mama, leo jua zuri. Wamenifungulia dirisha."

Jumamosi, 8 Juni

Ujumbe wa leo haujaja. Sitangoja wa kesho. Nimeshavaa viatu, natoka sasa hivi.